Jina lina mkia pia

Chukueni kitenzi kimoja tu, tuma, mtoe ndani yake majina ya watu. Mtumaji ndiye anayetuma. Mtumwa ni yule ambaye hakuulizwa kama anataka kwenda. Mtumishi anapata mshahara, au angalau anaudai. Mtume ametumwa na Mungu, na watu wanainuka anapoingia. Watu wanne, hadhi nne. Sasa waandikeni katika jedwali la ngeli tunalolijaza tangu mwaka wa kwanza: ngeli ya 1, kiambishi awali mu-, mzizi -tum-. Wote wanaingia kisanduku kimoja, mtumwa na mtume bega kwa bega, na jedwali limemaliza kazi yake. (Najua kwamba wingi wa mtume ni mitume, na kwamba swali hilo linapendwa sana kwenye mitihani. Lakini tunasema mitume wamefika, hatusemi mitume imefika. Kwa upatanisho bado ni mtu kama wenzake.)

Kilichowatenganisha wanne hao hakiko mbele ya neno. Kiko nyuma: -aji, -wa, -ishi, -e. Na sehemu hiyo ya nyuma, katika daftari langu la miaka mitatu, imepewa kurasa mbili, mwishoni mwa muhula, siku ambayo nusu ya darasa ilikuwa imeshaenda kutafuta usafiri wa kurudi nyumbani.

Nasema basi kwamba tunafundishwa kulisoma jina la Kiafrika kwa kulitazama usoni tu. Tabia hiyo imekuwa nzito kiasi kwamba hata viambishi tamati vya lugha zetu wenyewe tunavipita kama watu wanaopita kituo cha basi wakiwa usingizini. Dawa ninayoipendekeza itawashangaza baadhi ya walimu wetu: tuwekwe mapema, tangu mwaka wa pili, mbele ya lugha ambayo kazi ya jina inafanyika nyuma. Mimi nachagua Kiiraqw.

Kwanza niseme tabia hiyo ilitoka wapi, kwa kifupi, kwa sababu kila mmoja wetu ameisoma. Katika karne ya 19 Wilhelm Bleek alipanga ngeli za Kibantu na kuzipa namba, Carl Meinhof akaziendeleza, na baadaye Meeussen wa Tervuren, ambaye kazi yake ndiyo mama wa hojaji zetu nyingi hapa Kongo, akazipa sura tunayoitumia mpaka leo. Hiyo ni kazi kubwa na sina ugomvi nayo. Bila namba hizo mtu wa Kiluba na mtu wa Kinande wasingeweza kulinganisha madaftari yao. Lakini namba zilipewa viambishi awali, na kitu chenye namba ndicho kinachoulizwa kwenye mtihani. Hakuna aliyewahi kuniuliza "tamati namba ngapi?"

Sasa twende Tanzania ya kaskazini, kwenye nyanda za juu za Mbulu na Karatu, karibu na Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Eyasi. Huko wanaishi Wairaqw, wakulima na wafugaji, ambao lugha yao si ya Kibantu wala ya Kiniloti. Ni ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo, na ndugu wa karibu wa Kigorwaa, Kialagwa na Kiburunge. Majirani zao Wadatooga ni Waniloti. Wahadzabe wa Eyasi wana lugha yenye sauti za kugongesha ulimi. Wabantu wako pande nyingine. Mtu akitaka kuona koo kubwa za lugha za Afrika zikiuziana mbuzi kwenye soko moja, na Kiswahili kikiwapatanisha kwenye bei, aende huko.

Kiiraqw kimeelezwa vizuri. Maarten Mous alichapisha sarufi yake mwaka 1993, na mwaka 2002 ikatoka kamusi aliyoitunga pamoja na Martha Qorro na Roland Kießling. Nawaomba wenzangu walikumbuke jina la Martha Qorro. Ni mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye amepigania kwa miaka mingi Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania, na wakati huohuo akaweka mkono kwenye kamusi ya Kiiraqw. Kwetu watu wanadhani lazima uchague: ama lugha kubwa, ama lugha ya kijijini.

Tazameni maandishi yake kabla ya sarufi. Herufi hh ni sauti ya kooni, ile ya Waarabu wanapolitaja jina Muhammad. Sl ni s inayopita kando ya ulimi. Tl ni ndugu yake inayopasuka. Kuna pia sauti inayofanana na ain ya Kiarabu, na hiyo inaandikwa kwa mkwaju, alama hii: /. Herufi kamili, katikati ya neno. Kila kompyuta inadhani umekosea. Nawapenda watu ambao lugha yao inaisumbua kompyuta.

Sasa jina lenyewe. Mfano wa kwanza unaotolewa mara nyingi ni huu: hhartá baabú'ée', fimbo ya baba yangu. Hhar ni fimbo. Baba tunamtambua bila msaada. Yangu ni hicho kipande cha mwisho, 'ée', kimegandishwa moja kwa moja kwenye mkia wa baba. Yako ingekuwa -ók na yake -ós. Lakini kiungo chetu "ya" kiko wapi? Kwetu "ya" inasimama peke yake kati ya majina mawili na inavaa ngeli ya jina la kwanza: fimbo ya, kitabu cha, mti wa. Katika Kiiraqw hakuna neno lililosimama katikati. Fimbo yenyewe imeota mkia: hhar-tá. Na huo mkia unasema mambo mawili kwa pamoja. Unasema "subiri, kuna kitu kinanifuata", na unasema "mimi ni jina la kike".

Maana Kiiraqw kina jinsi tatu: ya kiume, ya kike, na ya tatu ambayo wataalamu wameizoea kuiita ya kati. Jina likifuatwa na mwenye kumiliki, na kivumishi, na namba, au na sentensi nzima ya kulifafanua, linapata mkia kulingana na jinsi yake: -ú au -kú kwa la kiume, -r au -tá kwa la kike, -á kwa la tatu. Kwa hiyo waahlár ur ni chatu mkubwa. Chatu ni wa kike, ile r ndiyo inayotangaza. Kwetu chatu anakaa kimya na kivumishi ndicho kinachobeba alama: m-kubwa. Kwao chatu mwenyewe anajitangaza kabla mkubwa hajafika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kamba: aná hiimú urúux, ninavuta kamba. Kitendwa kimewekwa mbele ya kitenzi, na kwa kuwa kuna neno linalokifuata, kamba nayo inavaa mkia wake wa kiume, -ú. Hata kitenzi kinahesabiwa kuwa mfuasi wa jina! Niliposoma sentensi hiyo nilifunga kitabu nikatembea kidogo. Kila kitu nilichokuwa nimefundishwa kuhusu nani anamfuata nani katika sentensi, kwamba jina ni bwana na wengine wanavaa sare yake, hapa kimegeuzwa. Bwana ndiye anayevaa sare kwa sababu wageni wanakuja.

Halafu kuna wingi. Sisi tunakariri jozi: mu-/ba-, ki-/vi-, na ukishajua umoja, wingi unaufahamu karibu bila kufikiri. Mous alihesabu viambishi tamati vya wingi 14. Kumi na nne, na kwa kulitazama jina la umoja peke yake huwezi kuwa na uhakika litachagua kipi. Lazima ulijifunze jina pamoja na wingi wake, kama vile unavyojifunza mtu pamoja na ukoo wake. Wakati mwingine hata mzizi haubaki: garma ni mvulana, daaqay ni wavulana. Tena jina likiingia wingi mara nyingi linabadilisha jinsi, na kitenzi kinafuata jinsi hiyo mpya. Kitenzi hakiulizi wangapi. Kinauliza wa jinsi gani.

Hapo ndipo funzo lilipo. Kama jina la wingi lina mkia wake, jinsi yake na upatanisho wake, basi kuunda wingi katika Kiiraqw hakufanani na kubadilisha shati. Kunafanana na kuzaa jina jingine. Wingi umo katika uundaji wa maneno, pamoja na zile tamati zinazotoa jina la mtendaji au la tendo kutoka kwa kitenzi. Sisi tumezoea kuweka ukuta: upande huu uambishaji wa umoja na wingi, ambao ni sarufi, upande ule unyambulishaji, ambao ni msamiati. Kwa Wairaqw ukuta huo una mlango ulio wazi mchana kutwa.

Ushahidi mzuri ni neno moja ambalo kila aliyeandika juu ya mila za Wairaqw amelitaja: qwaslarmo, yaani mganga mwenye elimu ya kuagua na ya mambo ya mvua. Wengi wake ni qwaslare. Angalieni vizuri. Umoja ndio wenye kipande -mo. Ni kama kwamba lugha imeanza na kundi, kisha ikamtoa mtu mmoja kwa kumfunga mkia. Mwenzangu mmoja alipoliona akaruka: "Si ndiyo mu- yetu, imehamia nyuma!" Hapana. Kufanana kwa sauti mbili hakufanyi undugu, ndiyo sababu tulipewa somo la isimu linganishi. Lakini kuruka kwake kulikuwa na faida, kwa sababu tulianza kujiuliza kama Kiswahili nacho kinaweza kutoa mmoja kutoka kwa wengi. Kinaweza. Kuni ziko kwenye fungu. Ukichomoa kijiti kimoja unapata ukuni. Nywele ziko kichwani. Ule uliodondoka kwenye supu ni unywele. Fito, ufito. Tumeziita ngeli ya 11 na ya 10, tumeandika namba, tumeendelea. Sikumbuki darasa lolote ambapo tuliambiwa kwamba hapo kuna lugha inayohesabu kuanzia kwa wengi. Ilibidi twende Mbulu ili tukaione kuni iliyokuwa jikoni kwetu.

Turudi basi kwenye lugha zetu, na tuanzie mkiani.

Kiswahili kinasema mjuzi na kinasema mjuaji. Kitenzi ni kilekile, jua. Kiambishi awali ni kilekile. Mjuzi ni mtu ambaye kijiji kinamwendea kwa ushauri. Mjuaji ni yule anayekatiza wenzake darasani. Hakuna kamusi inayoweza kuwachanganya hao wawili, na hakuna jedwali la ngeli linaloweza kuwatenganisha. Tamati -i ni ya zamani sana katika Kibantu, na ina nguvu ya kuubadilisha mzizi: pika inatoa mpishi, fuata inatoa mfuasi, linda inatoa mlinzi, gomba inatoa mgomvi. K inakuwa sh, t inakuwa s, d inakuwa z, b inakuwa v. Tamati -aji haigusi chochote. Inakaa nje kama mpangaji ambaye hajapewa ufunguo wa chumba cha ndani. Na tofauti hiyo ya sauti mara nyingi inakwenda na tofauti ya maana. Yule wa -i amekaa ndani ya kazi mpaka kazi imemwingia. Yule wa -aji anaifanya. Siyo sheria ya chuma: mchezaji hana ndugu wa -i wa kushindana naye. Lakini mwombezi na mwombaji? Wa kwanza anakuombea kwa Mungu, wa pili anakuomba mia tano mlangoni mwa kanisa. Na humo ndani ya mwombezi kuna tamati nyingine iliyojificha: omba, ombea, mwombezi. Ile z ni kaburi la l ya kale iliyokuwa katika ombea.

Msidhani ni Kiswahili tu. Katika Kiluba cha Kasayi, kulonga ni kujifunza na kulongesha ni kufundisha. Mulongi ni mwanafunzi, mulongeshi ni mwalimu. Mwalimu na mwanafunzi wana kichwa kimoja, mzizi mmoja na herufi ya mwisho moja. Cheo chote, mshahara wote na kiti chote cha mbele viko katika kipande kidogo -esh-. Lingala nayo ina moyekoli na molakisi, na -i yao ileile ya mwisho. Katika mpira, -w- moja inatenganisha mfungaji na mfungwa. Mmoja anabebwa mabegani, mwingine anapelekwa gerezani.

Na hapa Lubumbashi mambo yana utamu wake. Kwetu mtaani kuuza ni kununua, na anayetoa bidhaa yeye anauzisha. Mgeni kutoka pwani akisikia "nimeuza makala" anadhani umeingiza pesa, kumbe zimekutoka. Sasa mtu akichukua kitabu cha shule, akasoma muuzaji, atamwelewa nani? Watu wa mtaani wameshatatua: "ule mwenye kuuzisha makala", na biashara inaendelea. Naona hilo ni jambo la kuandikia kazi nzima ya mwisho: kwa nini Kiswahili chetu kinaiacha -aji na kuchukua mwenye na ku-, na ni vitenzi vipi vinakataa kuhama. Hakuna aliyeandika kwa sababu swali haliko kwenye hojaji. Kwenye hojaji kuna: "Orodhesha viambishi awali na upatanisho wake."

Hojaji hiyo inaumiza zaidi wale ambao lugha yao si ya Kibantu. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 200 na tunazungumza kana kwamba zote zimetoka tumbo moja. Kizande kiko Kongo. Kilendu, Kilugbara, Kialur, Kimangbetu, Kingbandi viko Kongo. Wasemaji wake wanakaa nasi kwenye viti vilevile vilivyovunjika. Kizande kina wingi wa kutanguliza a-, boro mtu, aboro watu, na kimemaliza. Ukitafuta ngeli kumi na nane humo utatafuta mpaka kustaafu. Namjua mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Ituri, aliyeandika juu ya majina ya Kilendu. Aliacha safu ya viambishi awali wazi, kwa sababu hakukuwa na cha kuweka. Kazi yake ilirudishwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu: jaza jedwali. Akajaza. Alikata silabi za kwanza za maneno ya mama yake, akaziita viambishi, akapata alama nzuri. Kazi hiyo iko kwenye rafu. Kesho mtu wa Ulaya atakuja, ataisoma, ataitaja kwenye makala yake, na Kilendu kitakuwa kimepata ngeli ambazo hakikuomba.

Mwalimu ninayemheshimu aliniambia, nilipomweleza haya: "Ninyi vijana mnakimbilia Tanzania, na hapa Katanga kuna lugha ambazo hazina hata orodha ya maneno mia." Ana haki. Lakini sisemi tukafanye utafiti Mbulu. Nauli peke yake ingetumaliza. Nasema tujifunzie macho kwa Kiiraqw, kwa vile tayari kina sarufi na kamusi, na ni lugha ya nchi jirani ambayo wasemaji wake wengi wanajua Kiswahili, kwa hiyo tunaweza hata kuwauliza bila kupitia Kifaransa wala Kiingereza. Macho hayo ndiyo tutayaleta kwenye Kilendu, na kwenye Kiluba pia. Mtu aliyeona Kibantu peke yake hajui kwamba Kibantu ni aina mojawapo. Anadhani ndiyo lugha yenyewe.

Wengine watasema tamati za Kibantu ni chache, tano au sita, na kurasa mbili zinatosha. Kwa hesabu ni kweli. Hata herufi za Kifaransa ni 26 tu.

Lakini kuna sababu nyingine inayonifanya niandike kwa ukali kidogo, nayo haihusu mitihani. Wengi wetu tukimaliza hapa hatutakuwa wanaisimu. Tutatafsiri. Redio, mashirika, mahakama, hospitali, wote wanahitaji mtu wa kuweka karatasi za Kifaransa katika Kiswahili, na mashariki mwa nchi hii karatasi hizo zinahusu vita. Neno linalorudi katika kila ukurasa ni lile la mtu aliyepatwa. Kiswahili kina mwathirika na kina mwathiriwa. Magazeti ya Afrika ya Mashariki yanayachanganya kila siku, na redio zetu vilevile. Tazameni mikia yake. Athirika ina -ik-, ile ya vunjika, ya mwagika: jambo limetokea, hali imekuwa, na sarufi haina nafasi ya mtendaji. Kikombe kimevunjika, hatusemi kimevunjika na mtoto. Athiriwa ina -w- ya kutendwa: kuna aliyetenda, na ukitaka kumtaja nafasi yake ipo, na fulani.

Mwanamke aliyechomewa nyumba yake na watu wenye bunduki, katika taarifa ya kwanza ni mwathirika, kama aliyeangukiwa na mvua ya mawe. Katika taarifa ya pili ni mwathiriwa, na msomaji anauliza mara moja: na nani? Sidai kwamba kila mtangazaji anayesema waathirika anataka kuwaficha wenye bunduki. Wengi wanasema walivyosikia. Na yapo mambo ambayo waathirika ndilo neno lake sawa: mafuriko, ukame, mlima wa moto wa Nyiragongo. Lakini mtafsiri aliyehitimu katika fakulte ya lugha anapaswa kulijua chaguo lililo mkononi mwake, na sisi tunapewa cheti bila kuonyeshwa. Katika jedwali letu mwathirika na mwathiriwa ni ngeli ya 1, wingi ngeli ya 2. Sahihi kabisa.

Ninachoomba si kikubwa. Saa kumi na tano katika mwaka wa pili kwa lugha moja isiyo ya Kibantu, ifundishwe kwa mifano mpaka mwanafunzi aweze kueleza kwa nini kamba imevaa -ú. Hojaji ya kazi za mwisho ianze na swali lisilo na ngeli ndani yake: katika lugha hii, jina limeundwa na vipande gani, na kila kipande kinafanya nini? Safu ya viambishi awali iruhusiwe kubaki wazi, na mwalimu asiyeamini aje amuulize msemaji, si jedwali. Na yule mwenzetu wa Ituri, ambaye bado yuko nasi mwaka huu, arudishiwe kazi yake aisahihishe kabla haijatajwa na mtu yeyote. Amekwisha kuniambia kwamba nakala ya kwanza, ile yenye safu tupu, ameihifadhi.